Shajara ya Jabali: kupima mwamba usiokuwa na tiketi, Malindi

Jumamosi, 27 Januari 2024

Bamvua la mwezi mpevu, yaani siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Maji yalikupwa kabisa kama saa nne na nusu asubuhi, nasi tulikuwa pale tangu saa tatu. Watu sita: mimi, fundi mwashi, mwalimu wa jiografia na wanafunzi wake wawili, na Ami, nahodha mstaafu, aliyekuja kwa maneno yake mwenyewe "kutazama watu wazima wakipima jiwe."

Kwa anayesoma shajara hii mara ya kwanza: jiwe lenyewe ni ulimi wa mwamba wa matumbawe unaotoka ufuoni na kuingia majini, kusini kidogo ya Mnara wa Vasco da Gama. Sisi twaliita Jabali tu. Halina kibao wala tiketi. Mgeni huja, akaupiga picha Mnara, akageuka kutafuta kivuli na dafu. Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni, na miaka yote nimesimulia yale yale: mwaka 1498, Mreno anafika baada ya kukosana na Mombasa, Sultani wa Malindi anampokea, anampa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, basi, twende sokoni. Mwamba tulioukanyaga sikuwahi kuutaja.

Kilichotukutanisha ni kipande kilichoanguka. Desemba, pembe ya Jabali iliyokuwa imening'inia juu ya maji, ile ambayo watoto walikuwa wakijirusha kutoka pale kuogelea, ilikatika usiku ikalala kifudifudi mchangani. Hakuna aliyeumia. Asubuhi watu wakaja kutazama na kila mmoja akawa na dawa yake: jenga ukuta, mwaga zege, panga magunia ya mchanga. Mwalimu akauliza kama kuna anayejua linaliwa kwa kasi gani. Kimya. Hapo ndipo mradi ulipozaliwa, kama mtu atakubali kuuita mradi: tepu moja, timazi moja, daftari, na simu zetu za kupigia picha.

Leo tumechagua sehemu tisa za kupimia. Hatukutoboa mwamba kuweka misumari, maana kulinda kitu kwa kukitoboa ni kichekesho. Kila sehemu tumeitambua kwa picha na kwa kulinganisha vitu viwili vya nchi kavu, kama Ami anavyotafuta mahali pa kuvua: huu mnazi uwe sawa na kile kibaraza, hapo ndipo. Mwalimu alikuja na simu yenye GPS, ya kuonyesha mahali ulipo popote duniani, lakini ilipotea mita kadhaa. Mnazi wa Ami haukupotea.

Kupima kwenyewe ni hivi. Fundi analala kifudifudi juu ukingoni na kuteremsha timazi mpaka itulie. Mimi niko chini, maji yakiwa magotini, ninapima kutoka kwenye uzi kwenda ndani hadi tepu iguse jiwe. Ile sehemu ya chini iliyoliwa, iliyoingia ndani huku juu kukibaki paa, tumeipa jina kwapa. Katika sehemu tatu kati ya tisa, kwapa limeingia ndani kuliko mkono wangu unavyofika nikiwa nimebana bega kwenye jiwe. Nilipokuwa nimejikunja mle nilisikia sauti ya kukwaruza, ndogo, ya wengi. Nikawasha tochi ya simu. Konokono wa baharini, mamia, wamejibandika darini na ukutani.

Mwalimu alifurahi kuliko ilivyostahili. Kumbe hao ni sehemu ya wanaokula Jabali. Ulimi wao una meno magumu kama tupa, nao hukwaruza mwani uliojipenyeza ndani ya jiwe, na kila wanapokwaruza hubeba unga wa mwamba pamoja na chakula. Wapo pia kome wanaojitobolea vyumba ndani ya jiwe na kuishi humo maisha yao yote. Mawimbi huja kumalizia tu. Kwa mwamba wa chokaa katika bahari za joto, kadirio linalotajwa mara nyingi ni kama milimita moja kwa mwaka. Fundi akacheka: milimita moja ni kosa la uzi wake. Lakini tangu 1498 ni zaidi ya miaka 500, na milimita 500 ni nusu mita ya mwamba, imeondoka bila kelele.

Jumapili, 11 Februari

Bahari ya leo ni rangi ya chai ya maziwa. Kaskazi bado inavuma, na kaskazi ndiyo inayotuletea maji ya Mto Sabaki upande huu. Kusi likishika, tope linasukumwa kwenda kaskazini, Mambrui na kuendelea. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka jana ziliujaza mto mpaka pomoni, na udongo wa bara, wa kutoka huko juu Athi na Galana, sasa uko ghubani kwetu.

Hili lina maana kwa Jabali, na sikulijua mpaka tulipofanya jaribio la siki. Mwanafunzi mmoja alileta vibakuli viwili vya plastiki. Cha kwanza akatia mchanga wa ghuba ya mjini, ule wenye vimeta vinavyong'aa juani. Cha pili akatia unga aliousaga kutoka kwenye kipande cha mwamba kilichokuwa kimeanguka chenyewe. Akamimina siki. Cha kwanza: kimya, isipokuwa vipovu viwili vitatu vya magamba yaliyochanganyika. Cha pili kilifoka kama soda iliyotikiswa.

Mwamba wetu ni chokaa, yaani mifupa ya matumbawe na magamba. Mchanga wa mto ni quartz na maika, mawe ya bara yaliyosagwa njiani. Pwani moja, lakini wazazi ni wawili. Na hao wazazi hawapatani: tumbawe hai hutaka maji meupe yapitishe jua, na tope linapolifunika linakufa. Mji wenyewe ni ushahidi. Upande wa ghuba, mto umejaza mchanga mpaka hoteli za zamani zilizojengwa ukingoni leo zina ufuo mpana mbele yake. Upande wetu wa mwamba, kusini ya Mnara, kitu kinachoongezeka ni kwapa.

Miamba hai iliyo mbele yetu ndiyo inayolivunja wimbi kabla halijatufikia. Hifadhi ya bahari ilitangazwa hapa 1968, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika, kwa ajili ya matumbawe hayo. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha mengi mno, na Ami anasema alidhani mtu amemwaga chokaa chini ya maji. Kwa hiyo nikiulizwa nani mlinzi wa Jabali, jibu langu la kwanza ni hao walio hai chini ya maji, ambao hata hatuwaoni tukiwa tumesimama hapa juu.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeingia. Maji ya Machi ni miongoni mwa makubwa ya mwaka, yanakupwa mbali na kujaa juu kupita kiasi, kwa hiyo hatukutaka kuyakosa. Wenye kufunga tulikubaliana kazi za kubeba zifanywe na wengine, na hakuna kuongea ovyo juani.

Tuliweza kufika ncha ya mbele kabisa, mahali ambapo siku nyingine ni kuogelea. Na huko tukakuta saruji. Mtu, sijui nani wala lini, alijaza ufa mmoja kwa saruji nzito, pengine kwa nia njema kabisa. Saruji iko vilevile, nzima, imara. Mwamba uliokuwa umeizunguka ndio umeondoka. Imebaki imesimama peke yake kama jino la dhahabu katika ufizi uliooza.

Fundi alikaa akaitazama muda mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa kinara wa ukuta tangu Desemba. Alinieleza jambo ambalo mafundi wa nyumba za mawe wanalijua: saruji ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe, haipumui, maji ya chumvi yanakwama nyuma yake, yakikauka chumvi inakua na kulipasua jiwe. Ndiyo maana ukitengeneza ukuta wa zamani, uwe wa Gede au wa Lamu, unatumia chokaa na mchanga, si saruji. "Hapa wameunganisha chuma na mkate," akasema. Hakusema lolote juu ya ukuta tena, na mimi sikumkumbusha.

Ami ndiye aliyemalizia. Ukuta mbele ya mwamba, akasema, ni kumfungia bahari mlango wa mbele. Ataingia wa uani. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima linarudi na nguvu zake, linachimba mchanga chini ya ukuta, na pembeni unapoishia linakula kwa hasira mbili. Ameona hivyo mbele ya nyumba za watu.

Jumatano, 27 Machi

Hakuna kipimo leo. Nimeandika tu kwamba tulipanda juu ya Jabali na wanafunzi kumi na wawili, na kwamba nimeaibika.

Kwanza tuliwaonyesha visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe. Kuna kichwa kimoja cha tumbawe kwenye uso wa mwamba, kikubwa kama sinia la pilau, chenye mifereji iliyopindapinda kama ubongo. Kimekaa wima vilevile kilivyoota, na kiko juu ya kichwa changu maji yanapokuwa yamejaa. Mwalimu aliwauliza: tumbawe huishi wapi? Majini. Hili liko wapi? Juu. Basi kimoja kati ya viwili, ama mwamba umepanda ama bahari imeshuka.

Bahari ndiyo iliyoshuka, kwa sehemu kubwa. Miaka kama 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto kuliko sasa, barafu za ncha za dunia zilikuwa zimepungua, na usawa wa bahari ulikuwa juu ya huu wa leo kwa mita 6 hadi 9. Matumbawe yakajenga. Kisha ikaja enzi ya barafu, maji yakafungwa huko baridini, na miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita kama 120. Jabali halikuwa ufuoni tena, lilikuwa kilima cha mawe ndani ya nchi kavu, na mvua ndiyo iliyolichoma choma. Haya mashimo yenye kingo kali yanayokata viatu ni kazi ya mvua pia, si ya bahari peke yake. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni njiani yakawa na uchachu kidogo, na uchachu huyeyusha chokaa, taratibu, kama siki yetu lakini kwa maelfu ya miaka. Halafu barafu zikayeyuka, bahari ikarudi, ikalikuta limejaa matundu.

Mwanafunzi mmoja, msichana mkimya, akainua mkono. "Na ule msalaba wa Mnarani, kati yake na mwamba huu kipi cha zamani?"

Nikajibu mbio mbio kama mtembeza wageni: mwamba, bila shaka! Miaka 125,000 dhidi ya 500.

Mwalimu akanivuta pembeni kwa adabu. Ile koni nyeupe ilijengwa baadaye kuushikilia msalaba, lakini msalaba wenyewe ni jiwe la chokaa lililoletwa kutoka Lisbon. Na mawe mengi ya chokaa ya kuzunguka Lisbon ni ya enzi za dinosaria, makumi ya mamilioni ya miaka. Yaani pale juu pamesimama babu wa kizungu juu ya mjukuu wa Kiswahili, wote wametokana na viumbe vya baharini, na mjukuu ndiye anayembeba. Nikarudi kwa wanafunzi nikasema nimekosea. Tangu siku hiyo hadithi yangu kwa wageni imebadilika, na nakiri wanakaa kivulini kwa muda mrefu zaidi kuisikiliza.

Jumapili, 5 Mei

Kimbunga Hidaya kilipiga Tanzania jana. Sisi tumeguswa na ukingo wake tu, tahadhari ya mawimbi ilitolewa, wavuvi wamevuta mashua juu. Nilikwenda peke yangu jioni nikasimama mbali. Wimbi likiingia kwapani linatoa mlio mzito kama mlango wa ghala unaobamizwa, halafu maji yanaruka juu kupitia tundu la katikati ya Jabali. Hewa inabanwa mle ndani, inasukuma kila ufa. Sikukaa sana.

Jumamosi, 8 Juni

Sehemu ya saba imepungua. Si kwa konokono: bonge limetoka, ukubwa wa debe la maji, na uso uliobaki ni mweupe safi kama ndani ya nazi. Zile nane nyingine, kwa tepu yetu, hazijabadilika. Nasema "kwa tepu yetu" kwa sababu tepu hiyo haiwezi kuona milimita moja, na uzi wa timazi ukipigwa na upepo wa kusi unacheza kuliko hiyo.

La leo lilikuwa lingine. Tulikuta vijana wawili na mtaimbo wakivunja ukingo wa mwamba kutoa chaza. Fundi alitaka kuwafokea. Ami akamzuia, akaenda akaketi karibu nao, akaitikia shikamoo zao, akauliza habari za nyumbani, akauliza chaza wanauza bei gani na kwa nani. Ikapita kama robo saa. Mimi nilidhani amesahau tulichokujia.

Mwishowe akamwomba mmoja amwazime mtaimbo, akachukua kisu chake kifupi, akawaonyesha namna ya kumwinua chaza kwa kuingiza ncha penye bawaba, gamba la chini likabaki kwenye jiwe. "Wewe unachukua jiwe zima kwa nyama ya kijiko kimoja," akamwambia. "Mwakani utasimama wapi, mwanangu?" Kijana akajibu kwamba mwakani atakuwa Mombasa, inshallah, hayuko hapa. Ami mwenyewe alicheka. Mtaimbo ulirudishwa kwenye baiskeli, lakini sitaandika hapa kwamba tumeshinda, maana wiki ijayo watakuja wengine, na njaa haisomi daftari letu.

Jumamosi, 6 Julai

Mwezi wa makaratasi. Sheria ipo: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inautambua urithi wa asili, na miundo ya kijiolojia yenye umuhimu wa pekee imo. Eneo letu pia limo ndani ya hifadhi ya binadamu na mazingira ya Malindi na Watamu, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 1979. Kwa hiyo nilidhani barua moja ingetosha. Ofisi moja ikanielekeza ya pili, ya pili ikaniambia mambo ya ufuo si yake, ya tatu ikanirudisha ya kwanza. Mlinzi wa mlangoni sasa ananiita "mwenye jiwe".

Lakini kulikuwa na jambo lisilohitaji barua, na ndilo ninaloliona kuwa kazi yetu ya maana mpaka leo. Juu ya Jabali kuna ua wa nyumba, na bomba lake la maji ya mvua na ya kuoshea lilikuwa likimwagika moja kwa moja kwenye ufa mkubwa ulio nyuma ya sehemu ya tatu na ya nne. Maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila siku, ndani ya jiwe la chokaa lililokwisha kupasuka! Tumekaa miezi sita tunatazama bahari, na adui mwingine anatiririka nyuma ya migongo yetu.

Tulikwenda watatu kumwona mwenye nyumba, mama wa makamo. Alituandalia kahawa, akasikiliza, akatuuliza kama tunataka pesa. Tukasema hapana, tunataka bomba. Fundi aliligeuza kwa nusu siku, maji sasa yanakwenda kwenye shimo la kokoto upande wa bustani, na migomba yake imefurahi.

Jambo la pili: kile kipande kilichoanguka Desemba. Kuna mtu aliyekuja na lori akitaka kukikata mawe ya msingi, akatuambia kimeshakufa. Tumemwomba akiache. Kinapolala pale chini ya kwapa, wimbi linavunjikia juu yake kabla ya kufika ndani. Ukikiondoa umemvua Jabali kiatu. Alituona wendawazimu, lakini lori liliondoka tupu.

Jumanne, 20 Agosti

Bamvua, kusi kali, kipimo kamili tena. Tumeanza sehemu ya kwanza tukaishia ya tisa, na majibu ni yale yale ya Juni: nane zimetulia ndani ya kosa la tepu, ya saba imekatika. Mwalimu anasema kwa kasi ya milimita moja kwa mwaka tutahitaji miaka kumi kabla tepu haijaona lolote, na kwamba Jabali halipungui kidogo kidogo kama sabuni. Linaliwa chini polepole, halafu siku moja linaangusha bonge. Kwa hiyo tumebadilisha mpango. Timazi itatumika mara mbili kwa mwaka tu. Kila bamvua tutapiga picha za nyufa zilizo juu ya paa la kwapa, kutoka mahali pale pale, saa ile ile, na sarafu ya shilingi ishirini ikiwekwa kando ya ufa kuonyesha upana. Ufa nyuma ya sehemu ya nne umekauka tangu bomba ligeuzwe. Ndani yake kuna buibui, na nyuzi zake hazijakatika.

Njia ya juu tumeisogeza. Mawe madogo yamepangwa mstari, hatua tano kutoka ukingoni, na watu wanayafuata bila kuambiwa, isipokuwa wanaotaka picha. Watoto bado wanajirusha, lakini wamehamia upande wa kaskazini penye kina na pasipo paa. Walichagua wenyewe.

Yule msichana wa swali la msalaba alikuwa amekaa juu ya kile kipande kilichoanguka, miguu majini. Akaniita. Upande ule uliokuwa ndani ya mwamba mpaka Desemba, ambao haukuwa umeona mwanga kwa miaka sijui mingapi, umeshika ukijani, na katikati ya ukijani kuna chaza wadogo wanne, kila mmoja ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho. Amewachora daftarini na kuandika tarehe.

Bamvua lijalo ni la mwezi mwandamo, mwanzoni mwa Septemba, maji kupwa kama saa nne na nusu. Ami amesema atakuja na kiti.